Tuhuma Zilizohama Chama: Kisa cha Edward Lowassa na Richmond

Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma majina 11 ya watu aliowaita mafisadi. Wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CHADEMA na mbunge wa Karatu. Katika orodha hiyo alikuwamo Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, Edward Ngoyai Lowassa. Alikuwamo hata Rais, Jakaya Kikwete.

Julai 28, 2015, Lowassa aliketi meza moja na viongozi wa CHADEMA na wenzao wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, katika hoteli ya Bahari Beach, Dar es Salaam, akatangaza kwamba amehama chama tawala, CCM. Wiki moja baadaye, Agosti 4, mkutano mkuu wa CHADEMA uliofanyika Mlimani City ulimpitisha kuwa mgombea urais.

Kati ya tarehe hizo mbili ilipita karibu miaka minane. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na hakuna chombo kilichochunguza upya na kumsafisha. Karatasi za mkataba wa Richmond, ule wa umeme wa dharura uliomng'oa uwaziri mkuu mwaka 2008, zilikuwa zilezile. Waliobadilika ni wasemaji: waliokuwa wakimwita fisadi wakawa wanamwita kamanda, na waliokuwa wakimwimbia wakaanza kumwita fisadi. Wengi wetu tuliokuwa na umri wa kupiga kura mwaka ule tulibadilika nao, wengine ndani ya wiki moja. Nakumbuka kijiwe cha kahawa nilichokuwa nikikaa jioni: mzee mmoja wa CCM na kijana mmoja wa CHADEMA, waliobishana kuhusu Lowassa tangu 2008, walibadilishana hoja neno kwa neno kufikia Agosti 2015, na hakuna kati yao aliyeona aibu. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu mkataba ule ulilipwa kwa fedha za umma, na katika kelele zote zile hakuna aliyekuwa tena anauliza habari za mkataba.

Umeme, mvua na kampuni ya Houston

Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani. Ukame ulikuwa umeshusha maji katika mabwawa, Mtera likiwa mfano uliotajwa kila siku, na mgawo wa umeme uliwakamata wenye saluni, mashine za kusaga, karakana za kuchomelea na viwanda. Serikali ilitafuta umeme wa dharura. Juni mwaka huo TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikaingia mkataba na Richmond Development Company ya Houston, Texas, ilete mitambo ya kuzalisha megawati 100.

Mitambo haikuja kwa wakati. Mwisho wa mwaka mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na mitambo ilipokuwa inaanza kufanya kazi mvua zilikuwa zimesharudi na mabwawa yanajaa. Hata hivyo TANESCO ilitakiwa kulipa kila siku, umeme uzalishwe usizalishwe. Kiasi kilichokaa vichwani mwa watu ni shilingi milioni 152 kwa siku.

Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Muundo wake una maana katika kisa hiki. Wanne kati ya watano walikuwa wa CCM, mmoja wa CUF, chama cha upinzani. Spika aliyeisimamia, Samuel Sitta, alikuwa CCM. Kwa hiyo swali la Richmond lilipozaliwa bungeni halikuwa la wapinzani dhidi ya serikali. Wabunge wa chama tawala walikuwa wanaihoji serikali ya chama chao, na kwa Bunge letu hilo ni tukio la nadra.

Ripoti ilisomwa Dodoma Februari 6, 2008. Ilionesha kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, ilikuwa ile ambayo mitaani huitwa kampuni ya mfukoni. Kwamba taratibu za ununuzi zilivunjwa. Na kwamba ofisi ya Waziri Mkuu iliingiza mkono katika mchakato. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, iliyokuwa imetangaza mapema kwamba haikuona rushwa, nayo ililaumiwa. Yalitolewa mapendekezo 23. Kuhusu Lowassa kamati haikupendekeza ashtakiwe. Ilimwachia mwenyewe ajipime.

Alijipima usiku mmoja. Februari 7 alisimama bungeni akalalamika kwamba kamati iliwahoji watu wengi lakini yeye haikumhoji, kwamba amedhalilishwa, na kwamba tatizo ni uwaziri mkuu. Basi ameshamwandikia Rais kuomba kuachia ngazi. Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, na Dk. Ibrahim Msabaha, aliyeshika wizara hiyo kabla yake, nao walijiuzulu. Rais akavunja Baraza la Mawaziri na kumteua Mizengo Pinda.

Mtu anayetaka kukielewa kisa hiki aanzie kwenye hotuba hiyo, kwa sababu ugomvi wote uliofuata ulitoka humo. Lowassa aliachia cheo bila kueleza alichokifanya na ambacho hakukifanya. Hakukiri kosa, na hakuikanusha ripoti hoja kwa hoja. Malalamiko yake kwamba hakusikilizwa yalikuwa ya haki kabisa. Huwezi kumwandika mtu katika ripoti nzito kiasi kile bila kumkalisha kitini umuulize, hata kama maandishi unayo. Naiona hiyo kuwa dosari kubwa ya Kamati Teule, na kila mtu aliyemtetea Lowassa kwa hoja hiyo alikuwa na mahali pa kusimama. Lakini yeye alikuwa ndani ya Bunge lenyewe, mjadala wa ripoti ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa, na hakuna mbunge ambaye angemnyima Waziri Mkuu nafasi ya kujieleza. Alibaki mbunge wa Monduli kwa miaka mingine saba. Mwaka 2010 Bunge lenyewe likaufunga mjadala wa Richmond, na yeye alikuwa bado hajasimama humo kutoa maelezo kamili.

Kuwajibika ni nini

Katika siasa zetu neno kuwajibika limefinywa. Ukisikia "waziri awajibike" unaelewa kwamba ang'oke. Maana pana zaidi, ya mtu kubeba dhamana na kueleza alivyoitumia, imebaki kwenye vitabu. Watetezi wa Lowassa walipokuwa wakisema mwaka 2015 kwamba "alishawajibika" walikuwa wanatumia maana hii finyu, na kwa maana hiyo walikuwa sahihi: aling'oka.

Kila mara mfano uliotajwa ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1976 watuhumiwa waliokamatwa katika msako wa wauaji wa vikongwe huko Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwapo, hakuagiza, hakujua. Januari 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere akajiuzulu, kwa sababu waliotenda walikuwa chini yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais.

Wapenzi wa Lowassa waliupenda mfano huu: tazameni, mtu anaweza kubeba kosa la wengine, akarudi, akawa Rais. Mimi nauona mfano uleule ukisema jambo jingine. Katika kisa cha Mwinyi kila raia alijua nini kilitokea, nani alitenda, nani alikuwa juu yao, na waliotenda walifikishwa mahakamani. Uwajibikaji wa kisiasa wa waziri ulisimama juu ya ukweli uliokwisha kuwekwa wazi. Katika Richmond waziri mkuu aliondoka kwanza na ukweli ukaachwa nyuma bila mwenyewe. Kujiuzulu kwa Mwinyi kulifunga suala la dhamana yake. Kujiuzulu kwa Lowassa kuliacha watu wawili wanaoweza kuitazama hotuba ileile, mmoja akaona mbuzi wa kafara, mwingine akaona mwizi aliyekimbia, na wote wawili wasiwe na karatasi ya kumaliza ubishi.

Neno lenyewe

Kabla ya miaka ile, ukimwita mtu fisadi, hasa pwani, ulikuwa unamaanisha mharibifu wa wake na mabinti za watu. Ni neno lenye asili ya Kiarabu na linabeba uovu na uharibifu. Kuanzia 2007, kwa Richmond na kwa wizi wa shilingi bilioni 133 za EPA, akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, likahamia kwenye siasa na kukaa.

Mla rushwa ni mtu aliyefanya jambo. Unaweza kuuliza alikula wapi, kiasi gani, nani shahidi. Fisadi ni mtu alivyo. Ukishamwambia mtu ni fisadi umeihukumu nafsi yake, na ushahidi wa mkataba mmoja hauwezi kuiondoa hukumu hiyo wala kuithibitisha. CHADEMA ilijijenga juu ya neno hili. Vijana walivaa magwanda na kuzunguka nchi nzima wakilihubiri, na katika uchaguzi wa 2010 Dk. Slaa alipata zaidi ya robo ya kura za urais. Sisemi walikosea kupambana; bila wao na bila wabunge wachache jasiri wa CCM, Richmond isingejulikana. Nasema walichagua silaha inayomhukumu mtu alivyo, na siku walipomhitaji mtu huyohuyo hawakuwa na namna ya kuirudisha alani. Kama wangekuwa wamesema tangu mwanzo "tunataka aeleze hili, hili na hili", mwaka 2015 wangeweza kumwambia: karibu, lakini kwanza eleza.

CCM haikuwa safi zaidi

Baada ya 2015 wana-CCM wengi walisimulia kisa hiki kama kisa cha unafiki wa CHADEMA. Haikuwa hivyo tu. Chama kilichokubali Waziri Mkuu aondoke kwa kashfa kilimpitisha tena agombee ubunge Monduli mwaka 2010. Baada ya uchaguzi huo akawa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, kamati inayokaa na siri za nchi. Aprili 2011 chama hicho hicho kikatangaza falsafa ya kujivua gamba, kikiwataka watuhumiwa wa ufisadi wajiondoe. Rostam Aziz, mfanyabiashara na kada wa CCM, aliachia ubunge wa Igunga Julai mwaka huo. Lowassa hakutoka, na gamba likabaki mwilini.

Kwa miaka hiyo yote alikuwa akialikwa kwenye harambee za makanisa na misikiti, akichangia mamilioni, na alipoulizwa fedha zinatoka wapi alisema ana marafiki. Maswali kuhusu harambee hizo yalikuwa mengi ndani ya CCM kuliko nje, lakini yalikuwa ya minong'ono. Mwaka 2014 alipewa onyo pamoja na makada wengine watano, kosa likiwa kuanza kampeni mapema. Richmond haikutajwa.

Mei 30, 2015 alijaza Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kutangaza nia kwa jina la Safari ya Matumaini. Makada 38 walirudisha fomu. Julai, Dodoma, Kamati Kuu ikabakiza watano na jina la Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wakajitenga na uamuzi huo. Mwenyekiti, Rais Kikwete, alipoingia kwenye Halmashauri Kuu alipokewa na wajumbe wanaoimba kwamba wana imani na Lowassa. Ulikuwa wimbo wa kumwimbia mwenyekiti wa chama, tuliuzoea ukiwa na jina la mwenyekiti; siku hiyo jina lilibadilishwa mbele yake.

Chama hakikutoka hadharani kueleza kwamba alikatwa kwa kosa hili na ushahidi ni huu. Hapo ndipo CCM ilipopoteza haki ya kusema, wiki tatu baadaye, kwamba imemtema fisadi. Kama ilimjua hivyo, kwa nini alichukua fomu, akazunguka mikoa, akakusanya wadhamini, akafika Dodoma? Na kama alikatwa kwa sababu nyingine, kwa nini neno fisadi lilirudi siku alipoondoka tu?

Agosti na Septemba 2015

Hoja za UKAWA za kumpokea hazikuwa za kipuuzi, na ni vema zielezwe kwa nguvu zake zote. Waliangalia historia. Mwaka 1995 Augustine Mrema alitoka CCM na umaarufu wake akapata karibu asilimia 28 ya kura akiwa NCCR-Mageuzi. Waliangalia Kenya, ambako mwaka 2002 KANU haikung'olewa mpaka vigogo wake walipotoka na kujiunga na wapinzani nyuma ya Kibaki. Waliona kwamba CCM haishindwi na walio nje peke yao, lazima ipasuke. Na mpasuko ulikuwa mbele yao, na mtu mwenye mtandao kila wilaya.

Tena walikuwa na hoja ya haki. Mkataba wa Richmond haukuwa wa mtu mmoja. Lowassa mwenyewe alisema, sasa kwa uwazi, kwamba alitaka mkataba ule uvunjwe lakini maelekezo yalitoka juu yake, na kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Orodha ya Mwembe Yanga ilikuwa na jina la Rais pia, kwa hiyo waliosema kwamba mzigo mkubwa ni wa Ikulu hawakuwa wamebuni hoja mpya.

Naipima hoja hiyo hivi. Juu ya waziri mkuu wa Tanzania yupo mtu mmoja tu. Kama maelekezo yalitoka huko, wananchi walistahili kuambiwa mwaka 2008, siku ileile alipokuwa amesimama bungeni, au mwaka wowote kati ya saba iliyofuata. Aliyanena hadharani baada ya kukatwa jina. Jambo la kweli likisemwa siku linapomfaa msemaji halipotezi ukweli wake, ila linatuonesha lilikuwa limefichwa kwa ajili ya nani. Hapo ndipo naona tabia ya kiongozi ikipimika bila kusubiri mahakama: alikuwa na habari muhimu kwa nchi, akaitunza kama akiba ya safari yake ya Ikulu.

Na hilo la "nendeni mahakamani" nalo lilikuwa jibu lisilomsaidia raia. Mimi na wewe hatuna uwezo wa kufungua kesi ya uhujumu uchumi. Kazi hiyo ni ya TAKUKURU na Mkurugenzi wa Mashtaka. Vyombo hivyo vilikuwa chini ya serikali ya CCM wakati Lowassa yuko CCM, na vilikuwa chini ya serikali hiyohiyo wakati Lowassa yuko CHADEMA. Mwakyembe na Sitta, waliopanda majukwaani mwaka 2015 kuirudia ripoti ya Richmond, walikuwa mawaziri wakati wanaongea. Mtu aliye ndani ya Baraza la Mawaziri anapomwambia umati kwamba fulani ni fisadi, swali la kwanza la umati lingekuwa: mbona hamjamshtaki? Upande wa pili nao ulikuwa na swali lake kwa mgombea: mbona mlango huo wa mahakama, unaotuonesha sisi, wewe hukuupita kudai jina lako? Maswali yote mawili yaliulizwa, lakini kwa kurushiana. Kila chama kililibeba lile linalomchoma mwenzake.

Watu wachache walilipa gharama. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF mwanzoni mwa Agosti. Dk. Slaa alitoweka machoni mwa watu tangu Lowassa alipoingia, na Septemba 1, katika hoteli ya Serena, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Aliuliza swali ambalo CHADEMA ilitakiwa kulijibu kabla ya kutoa kadi: mtu huyu ni mtaji kwa chama au ni mzigo? Makamanda waliomshangilia Mwembe Yanga walimwita msaliti aliyenunuliwa. Baadaye Rais Magufuli alimteua balozi nchini Sweden, na waliomwita hivyo wakasema si mliona. Nami nasema uteuzi wa baadaye hauwezi kuibatilisha hoja ya Septemba 1. Hoja ilikuwa halali siku ilipotolewa, na haikujibiwa. Tulijadili tabia ya Slaa ili tusilazimike kumjibu.

Kampeni yenyewe ilikuwa ya mtu dhidi ya mtu. Benjamin Mkapa, kwenye uzinduzi wa CCM Jangwani, aliwaita wapinzani wapumbavu na malofa. Magufuli, mgombea wa CCM, alipiga pushapu jukwaani, na kila mtu alielewa anamlenga nani, maana afya ya Lowassa ilikuwa gumzo na hotuba zake zilikuwa fupi mno. Umati wake ulikuwa mkubwa kuliko maneno yake. Wafuasi waliuita mafuriko. Alisema kipaumbele chake ni elimu, elimu, elimu. Kura zilipohesabiwa Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa asilimia 39.97, kura zaidi ya milioni sita, kiwango ambacho hakuna mgombea urais wa upinzani aliyekuwa amewahi kukifikia tangu vyama vingi virudi.

Kwa hesabu ya kura, waliosema ni mtaji walionekana wameshinda ubishi. Lakini neno ufisadi lilikuwa limebadili mmiliki. Magufuli alilichukua likiwa limeachwa njiani, akaahidi mahakama ya mafisadi, na mwaka 2016 kitengo cha Mahakama Kuu cha rushwa na uhujumu uchumi kikaanzishwa. Lowassa hakupelekwa huko. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na chama kilichokuwa kimejenga jina lake kwa kusoma majina viwanjani hakikuwa tena na viwanja wala lile neno.

Njia ya kurudi

Januari 9, 2018 Lowassa alikwenda Ikulu kuonana na Rais Magufuli na akatoka akimsifu. Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA aliyemiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, alikuwa amesafirishwa siku chache tu kabla kutoka hospitali ya Nairobi kwenda Ubelgiji kuendelea na matibabu. Sijui namna ya kuyaweka mambo haya mawili katika wiki moja bila moyo kuuma. Lissu ni kati ya waliokuwa wamepiga kelele kuhusu ufisadi tangu zamani na bado mwaka 2015 akasimama jukwaani kumnadi Lowassa.

Machi 1, 2019 Lowassa aliingia ofisi ya CCM ya Lumumba akasema amerudi nyumbani. Alipokewa kwa furaha na Mwenyekiti wa chama, Rais mwenyewe. Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, aliyempa kadi ya chama na kubeba lawama zote za ndani kwa uamuzi huo, alikuwa gereza la Segerea siku hiyo, dhamana yake ikiwa imefutwa tangu Novemba; alirudishiwa wiki iliyofuata.

Kutoka siku hiyo ya Lumumba, majukwaa ya CCM hayakumwita tena fisadi. Hakukuwa na uchunguzi mpya, hakukuwa na maelezo mapya kutoka kwake. Yale yaliyosemwa na mawaziri mbele ya maelfu ya watu mwaka 2015 yaliachwa kama vile yalikuwa ya mtu mwingine. Niliwangojea hasa wale waliokuwa wakisoma ripoti ya Richmond ukurasa kwa ukurasa kwenye kampeni, waseme angalau neno moja kuhusu kurasa zile. Na upande wa CHADEMA, niliwasikia vijana wakisema kwamba sasa amekwenda kwa mafisadi wenzake. Baadhi yao walikuwa wamevaa fulana yenye picha yake miaka mitatu kabla ya hapo.

Fedha nazo hazikurudi. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya Chama cha Kimataifa cha Biashara iliipa Dowans ushindi dhidi ya TANESCO, deni la takriban shilingi bilioni 94, kwa kuvunjiwa mkataba ambao Bunge letu lilikuwa limesema haukupaswa kuwapo. Mkataba huo ndio uliotakiwa kuwa mezani mwaka 2015. Nani aliileta Richmond? Nani aliona sifa zake zikatosha? Nani alikubali uhamisho kwenda Dowans, na kwa maandishi yapi? Maswali ya namna hii hujibika bila kuijua nafsi ya mtu. Hayahitaji kuamua kama Lowassa alikuwa mwema au mwovu, na yangeweza hata kumsaidia kama kweli alizidiwa nguvu na waliokuwa juu yake.

Alifariki Februari 10, 2024 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Alizikwa Ngarash, Monduli, Rais Samia akiwepo. Waliomlilia walikuwa na mengi ya kweli ya kusema: shule za sekondari za kata alizozisimamia kwa ukali akiwa Waziri Mkuu, maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Kahama na Shinyanga yakianzia mikononi mwake akiwa Waziri wa Maji. Ni kazi zilizogusa watu wengi na sitaki zipunguzwe kwa sababu ya kisa hiki.

Siku 19 baadaye, Februari 29, akafariki Mzee Mwinyi. Katika tanzia zake, ile barua ya 1977 ilitajwa tena na tena kama sifa. Walioandika tanzia za Lowassa nao waliandika kwamba alijiuzulu mwaka 2008 kufuatia kashfa ya Richmond, kisha wakaanza aya nyingine. Hakuna hukumu wala maelezo ambayo wangeweza kuyaongeza hapo.